Jeneza la Mtarakwa

Bibi Lian Guizhen alikufa Jumanne asubuhi, wakati Cuiping akimpoozea uji. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia, na hakuvuta nyingine. Cuiping, mke wa mwanawe, alikaa kidogo na kijiko mkononi. Kisha akamfuta mama mkwe wake mdomo, kama alivyomfuta kila siku kwa miaka miwili tangu kiharusi kimlaze, akatoka uani kuwaita wanaume.

Mzee Kou Changgui, mume wa marehemu, alikuwa seremala wa miaka sabini na mmoja. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mlangoni, akamtazama mkewe. Akasogea, akamgusa mguu juu ya blanketi. Halafu akamgeukia mwanawe Jianmin, akasema kwa sauti ile ile anayopangia kazi:

"Hakuna zumari. Hakuna karamu. Nguo tatu, na jeneza la mti mwepesi, ubao wa inchi tatu. Keshokutwa tunazika, basi."

Jianmin, aliyekuwa dereva wa lori la matofali na mtu asiyependa mzozo, alimtazama mkewe kwanza kabla ya kumjibu baba yake.

"La mti mwepesi la nini, Baba? Si lipo lile la mtarakwa?"

"Nitatengeneza jipya. Naanza sasa hivi."

Hakuna mtu katika mtaa wao ambaye hakulijua jeneza la mtarakwa. Mzee Kou alilichonga miaka kumi na minane iliyopita, wakati mikono yake ilikuwa bado ya moto, mbao nene kama tofali, nje jeusi linalong'aa, ndani rangi nyekundu. Bibi Lian aliwaita wanawake wa jirani waje waliguse. Kila majira ya kuchipua alilifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta, akicheka kwamba yeye nyumba yake imeshakamilika, ni kuhamia tu. Baada ya kiharusi ulimi wake ulikuwa mzito, lakini hakuacha kuuliza. "Langu lipo?" Na mzee alimjibu, "Lipo. Juzi nimelipaka rangi tena." Cuiping aliyasikia hayo kwa masikio yake, si mara moja.

Sasa alimfuata mzee hadi karakana. Kwa mwaka mzima mlango ule ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwa mzee. Alipoufungua, Cuiping alichungulia juu ya bega lake. Palikuwa na vile vigogo viwili jeneza lilipokuwa likilazwa. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Baba, liko wapi?"

"Limetumika."

"Limetumika na nani? Wa kulitumia amelala kule ndani."

Mzee alichukua ubao wa mti mwepesi, akauweka kwenye meza ya kazi, akaanza kupiga randa.

* * *

"Ni wale watu wa Mo," Cuiping alimwambia mumewe jikoni. "Wamelichukua. Wameliuza."

"Usiseme kwa sauti."

"Nisiseme nini? Mtaa mzima utaona kesho."

Watu wa Mo walianza kukutana miaka minne nyuma, katika ghala la zamani la mbegu nyuma ya stesheni ya mabasi. Aliyewakusanya ni Mwalimu Sui, mstaafu wa fizikia, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kijivu mwaka mzima. Alisema kwamba Mo, fundi na mwanafalsafa wa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, hakuacha vitabu tu vya kusomwa shuleni, aliacha njia ya kuabudu: Mbingu inawapenda watu wote sawasawa, basi na mtu awapende wote sawasawa, baba wa mwenzake kama baba yake. Asipoteze mali kwa mazishi. Asipoteze siku kwa ngoma na nyimbo. Katika lile ghala hapakuwa na sanamu, udi wala sanduku la sadaka. Ukutani palikuwa na neno moja, Mbingu, na chini yake kipimapembe cha seremala.

Kukosekana kwa sanduku la sadaka ndiko kulikowatia watu wasiwasi zaidi. Mahekalu mengine yaliomba pesa waziwazi, mtu akatoa au akapita. "Dini isiyochukua pesa inachukua nini?" wanawake waliulizana kwenye foleni ya chapati za mtama. Mtu wa ofisi ya kata alikuja mara mbili kuuliza kama wana kipaza sauti. Alipoambiwa hawana, aliandika jambo fulani kwenye daftari lake akiwa amekunja uso.

Mzee Kou alijiunga mwaka wa pili. Kila alfajiri aliondoka kwenda kumwogesha mzee mmoja aliyepooza, asiye ndugu yake wala rafiki yake. Wakati huo Cuiping alikuwa akimgeuza Bibi Lian ubavu, peke yake, akiwa amekanyaga kitanda kwa goti ili apate nguvu.

"Nyumba hii imeandikwa jina la Baba," alisema Cuiping. "Umewahi kuuona ule waraka tangu mwaka juzi?"

Jianmin hakuwa ameuona. Alisimama akafungua kabati la baba yake, akapekua chini ya mashuka kama mwizi. Waraka ulikuwepo. Aliurudisha mahali pake, na aibu iliyompata ilimfanya akasirike zaidi.

"Mjomba akija," alisema, "tumwambie liliingia mchwa."

* * *

Mjomba Lian Baotian, kaka wa marehemu, alikuja alasiri akiwa na wanawe wawili. Alikuwa na duka la supu ya kondoo katika mji wa jirani, mtu mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita oda. Kwa sheria ya huko kila maiti huchomwa, kisha majivu huzikwa ndani ya jeneza. Na kwa desturi mwanamke hazikwi mpaka ndugu zake waridhike, na kila mtu uani, akiwa ameanza kujifunga kitambaa cheupe cha msiba, alikuwa akimngoja yeye.

Alimlilia dada yake kwa kelele, akajifuta uso, akatoka nje. Akauona ubao mweupe mwepesi umeegemezwa ukutani.

"Shemeji, hicho ni nini? Mnajenga banda la kuku?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Ni jeneza la dada yako," alisema Mzee Kou.

"Dada yangu ana jeneza. Mimi niliilipia ile rangi nyekundu."

"Kesho atakuwa majivu, Baotian. Majivu hayajui unene wa ubao. Mo alifundisha kwamba tukiwazika wafu kwa mali nyingi tunawanyang'anya walio hai."

"Huyo Mo alimzika dada wa nani?"

Majirani waliangalia chini, wengine waliangalia kwa makini sana. Cuiping aliona aibu ikimpanda shingoni, si kwa ajili ya mzee, bali kwa ajili ya yule aliyelala ndani, aliyeziita nyumba kumi nzima zije ziguse mbao zake.

"Sikiliza," mjomba alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Kesho tunampeleka kwenye tanuri. Tukirudi na majivu yake nataka nilione lile la mtarakwa hapa, kwenye viti viwili, limefunguliwa. Nisipoliona, majivu nakwenda nayo kwangu. Na wewe utamweleza kila mpita njia kwa nini mkeo amezikwa na kaka yake."

* * *

Asubuhi ya Jumatano wanaume waliondoka na mwili. Mzee Kou alibaki akipiga randa. Cuiping alipanda pikipiki yake ya umeme, akaenda kwenye ghala la mbegu.

Alikwenda akiwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: atauliza nani alilibeba, kwa gari gani, liliuzwa wapi. Alitegemea kukuta kufuli, au watu wa kumzuia mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu Sui alikuwa akifua mashuka kwenye beseni, mikono ya koti imekunjwa mpaka viwiko.

"Mimi ni mkwe wa Kou Changgui," Cuiping alisema. "Nimekuja kuulizia jeneza la mama."

Mwalimu Sui alisimama upesi, akainamisha kichwa. "Tumesikia habari. Pole sana. Tulitaka kuja, mzee akasema tusije bado."

"Jeneza, Mwalimu."

"Lipo. Njoo ulione."

Alimpitisha ukumbini, nyuma ya pazia. Palikuwa na vitanda sita. Watu sita wazee sana walilala humo, na mwanamke mmoja aliyevaa kijivu alikuwa akiwapitishia maji ya moto. Hapakunuka mkojo. Hilo Cuiping aliligundua kwanza, kwa sababu alijua kazi inayotakiwa ili pasinuke. Halafu akagundua harufu nyingine, tamu, kavu, ya mtarakwa. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda cha kwanza. Upande wa chini wa mbao ulikuwa na rangi nyekundu.

"Ubao ulikuwa mnene, akaupasua mara tatu," alisema Mwalimu Sui nyuma yake. "Alifanya kazi nzuri sana. Kila mkutano tunalisoma jina la mama yenu. Lian Guizhen, aliyetoa kitanda chake cha mwisho kwa wagonjwa."

"Nani aliwaambia alitoa?"

"Mzee. Alisema mama alikubali kwa moyo mmoja." Akamtazama. "Hakukubali?"

Cuiping aliinuka akapangusa magoti. Akatikisa kichwa. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, mikono yake yenye povu ikining'inia.

"Niambie jambo jingine," alisema Cuiping. "Baba anakuja huku kila siku kumwogesha mzazi wa mtu. Kwenu hiyo ndiyo dini. Sawa. Mama yetu alilala miaka miwili. Nani alipangiwa kuja kwetu?"

"Dada Mu." Mwalimu alimwonyesha yule mwanamke wa maji ya moto. "Alipangiwa mwaka jana, baada ya vitanda kuingia. Mzee akamkataza."

Dada Mu aliweka birika chini. "Nilifika hata kwenye kona ya mtaa wenu. Akanirudisha. Akasema nyumbani kuna mtu."

Kuna mtu. Cuiping alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Miaka miwili, goti kitandani, mgongo ambao sasa hauwezi kunyooka asubuhi. Na alielewa pia kwa nini mzee hakutaka Dada Mu aingie. Angeingia, angemshukuru mama kwa ukarimu wake, na mama angeuliza, kwa ulimi wake mzito, ukarimu gani.

* * *

Cuiping alimkuta mzee akipigilia upande wa mwisho wa jeneza.

"Nimetoka kule," alisema.

Nyundo ilitulia.

"Hawakuiba," Cuiping aliendelea. "Nilikuwa nawashuku wao. Siku zote nimewashuku wao."

"Watu sita, Cuiping," mzee alisema. "Walikuwa wanalala kwenye saruji. Ulimwona yule bibi wa dirishani? Alikuja na kidonda mgongoni ungeweza kutia ngumi. Na mbao zile zimekaa hapa, zinangoja mtu mmoja. Tena azilalie akiwa hajui."

"Ungemuuliza."

"Angekataa."

"Ndiyo. Angekataa. Lilikuwa lake."

Mzee alitazama nyundo yake. Alipozungumza tena, alizungumza kama mtu anayetoa kibanzi kidoleni. "Nilipasua kwa siku tatu. Dirisha lake lilikuwa wazi, alisikia msumeno. Akaniuliza nakata nini. Nikamwambia mlango wa mtu."

"Na Dada Mu ukamrudisha."

"Nikamrudisha."

"Baba, wale sita uliwauliza wanahitaji nini?"

"Niliwauliza."

"Basi ni yeye tu ambaye hukumuuliza. Na mimi. Wengine wote uliwapenda sawasawa."

Mzee Kou alikuwa na majibu mengi ya mafundisho, aliyajua kwa mpangilio, na siku nyingine angeyasema. Alikaa juu ya vile vigogo viwili, akaanza kuokota misumari iliyodondoka, mmoja mmoja, hata ile iliyopinda.

* * *

Wanaume waliporudi na majivu, Jianmin alimvuta mkewe pembeni. "Mchwa," alinong'ona. "Tafadhali. Ni neno moja tu."

"Neno moja limetuletea haya," alisema Cuiping, akaenda kumweleza mjomba kila kitu, pamoja na msumeno.

Lian Baotian hakupiga kelele. Aliwaita wanawe, wakapanda gari lao la kubebea kondoo, Cuiping akakaa mbele kuwaonyesha njia. Alipoingia kwenye ghala na kamba begani alikuwa amepauka kwa hasira. Mwalimu Sui alisimama kando, akafungua pazia mwenyewe.

"Ni mali yenu," alisema. "Sisi tulikosa kuuliza. Nipeni nusu saa niwashushe chini."

Bibi wa dirishani alikuwa ameshasikia. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaanza kujivuta. "Mimi nashuka mwenyewe," alisema. "Miguu ndiyo mibovu, makalio yanafanya kazi. Nisaidieni tu hilo godoro."

Mtoto mkubwa wa mjomba alisogea kumsaidia, bila kujua anasaidia nini hasa. Mjomba alimtazama yule bibi. Alikuwa na kifundo cha nywele nyeupe kama cha dada yake, kimefungwa kwa uzi. Alipojisogeza inchi mbili tatu alipumzika, akahema, akaanza tena.

"Acha," alisema mjomba.

"Naweza."

"Nimesema acha, mama. Lala."

Alizunguka vitanda vyote sita, akiinama kugusa rangi nyekundu kwa chini. Kisha akamwuliza Mwalimu Sui liko wapi daftari lenye jina la dada yake. Lilipoletwa alilisoma taratibu, midomo ikitikisika.

"Futa. Dada yangu hakutoa. Alinyang'anywa. Andika hivyo."

"Niandike alinyang'anywa na nani?"

"Andika na mumewe. Na mkisoma majina, msome hilo kama lilivyo. Kila mkutano."

Mwalimu Sui alikata mstari mmoja kwa rula, akaandika mwingine juu yake kwa mwandiko wa ubaoni. Mjomba alisubiri wino ukauke.

* * *

Siku ya Alhamisi jeneza la mti mwepesi liliwekwa uani kwenye viti viwili. Ndani yake nguo tatu zilitandazwa kwa umbo la mtu, na majivu yakawekwa kifuani. Kabla ya misumari mjomba aliinua mkono.

"Shemeji, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Alikuuliza kama lipo. Hujamjibu ukweli."

Uani palikuwa na watu hamsini, na wengine walikuwa wamepanda ukuta. Mzee Kou alisogea. Alianza kwa sauti ya kupanga kazi, akasema kwamba jeneza lilipasuliwa mwaka jana mwezi wa nne, vikatoka vitanda sita. Akataja vipimo. Akasema halikupakwa rangi tena. Alipofika kwenye ule uongo wa mlango, aliinama juu ya jeneza.

"Haukuwa mlango, Guizhen," alisema.

Mjomba alishusha mkono. Misumari ikapigwa.

Mjomba pia alikuwa ameleta wapiga zumari wawili, kwa yuan mia nane zilizotoka mfukoni mwake, na hakumwomba mtu ruhusa. Walipotoka barabarani wakipuliza kwa mashavu yaliyovimba, waliwakuta watu wa Mo wapatao thelathini wamesimama kando, wote kijivu, kimya. Baadhi ya majirani walingoja waone kama watazuia muziki. Hawakuzuia. Waliacha nafasi, zumari zikapita mbele, nao wakafuata nyuma kabisa. Mtaa ulizungumza kwa wiki nzima juu ya walichokuwa wanatafuta.

Baada ya mazishi Mzee Kou aliendelea kwenda ghalani. Alikaa kwenye mkutano jina la mkewe liliposomwa kama lilivyoandikwa, na watu hawakumwangalia, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Dada Mu alikuja siku moja nyumbani, akasimama mlangoni akiwa amebeba mafuta ya kuchua mgongo. Cuiping alimwangalia mikono, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine, ndipo akamkaribisha. Walibadilishana namba za simu.

Mwezi uliofuata, mzee alirudi adhuhuri moja akapita moja kwa moja kuelekea chumbani.

"Baba, chakula."

"Nimekula kule."

Cuiping hakubisha. Alitoa simu mfukoni, akapiga pale pale, mbele yake. "Dada Mu? Samahani kukusumbua. Baba amekula huko?" Akasikiliza. "Hajala? Haya. Asante."

Akaweka simu mezani, akatandaza chapati mbili za mtama, akaweka na vitunguu vya majani na kibakuli cha mchuzi wa maharage. Mzee alitazama ile simu, kisha chakula. Akavuta kiti. Cuiping alikaa upande wa pili wa meza, akamwangalia mpaka alipomeza tonge la kwanza.